Majua Madogo Katika Nyumba ya Mama

Niliporudi Arusha kutoka Tanga nilikuwa na viatu, msumeno wangu mwenyewe na cheti cha ufundi chenye muhuri wa tai wa Kijerumani. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumiliki hata kimoja kati ya hivyo, na sioni kwa nini nilinyamazie jambo hilo. Hakuna aliyenipeleka. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikawashinda vijana wa pwani waliokuwa wakicheka Kiswahili changu.

Nilikuwa nimeazimia kuibomoa nyumba ya mama. Ilikuwa ya duara, ya udongo na samadi, imeezekwa nyasi, ndani giza. Nilitaka kumjengea ya pembe nne, yenye bati, kama zile za bomani. Lakini kwetu nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga, na mama aligoma.

"Nilikuzalia humu," alisema. "Inavuja tu. Ziba."

"Yeyo," nikamwita mama kwa lugha ya kwetu, "nikiziba, halafu masika ivuje tena?"

"Hapo utabomoa. Sitasema neno."

Basi nikaingia ndani mchana, jua likiwa utosini, kutafuta matundu. Mama alikuwa amekoka moto. Mwanga ulishuka katikati ya moshi kama fito nyeupe zilizosimamishwa. Nikainua macho: matundu yalikuwa madogo kama punje za mahindi, moja limechanika pembe tatu, jingine refu kama ufa. Nikatazama chini. Kila ufito ulipogusa sakafu palikuwa na duara safi, kama lililochorwa kwa bikari.

Hilo sikufundishwa Tanga. Nikachukua jani kavu la mgomba, nikalitoboa kijitundu cha pembe nne kwa ncha ya kisu, nikapanda kuliweka penye mwanya wa nyasi. Duara. Nikatoboa cha pembe tatu. Duara tena! Nikalala kifudifudi sakafuni na suruali yangu nyeupe.

Mke mwenza wa mama akachungulia mlangoni. "Jamani, fundi wa Mdachi anatambaa! Umepoteza sindano, baba?"

"Natazama mwanga, mama mdogo."

"Kwani Tanga hakuna?"

Mama akaja, akachuchumaa kando yangu. Nje kiwingu chembamba kilikuwa kinapita. Mara katika maduara yote, kwa pamoja, kivuli kikaingia ubavuni, kikavuka taratibu, kikatokea upande wa pili. Nikaruka juu. Lile halikuwa umbo la tundu! Lilikuwa jua lenyewe, limeshuka pamoja na wingu lake. Niligundua mimi, bila mwalimu.

Mama akakinga kiganja, jua moja likatulia humo. "Miaka yote nakanyaga tu," akasema, akicheka. Kisha akanigeukia. "Na bati lako litaleta haya?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana. Bati halina matundu."

"Basi ziba yote. Hili la karibu na kigoda changu liache."

Niliezeka vizuri kuliko mtu yeyote kuanzia Sokon hadi Nduruma. Mvua ya kwanza ya masika ilipopiga nilikimbia kwa mama kukagua kazi yangu. Sakafu nzima ilikuwa kavu, isipokuwa pale kwenye kigoda. Alikuwa ameshatega chungu.

"Yeyo, inavuja," nikamwambia.

"Wapi? Hayo ni maji yangu ya kunywa."

Nyumba ya bati nilijijengea mimi, ng'ambo ya migomba. Lakini mchana wa jua kali hungenikuta huko; ningekuwa kwa mama, kando ya kigoda chake.