Mwanangu aliuawa na umeme wa polisi Columbus, na matanga sijayaondoa

Wakuu, mimi ni bibi, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaandika. Marahaba.

Shule niliishia la pili, herufi zikikosea mnivumilie. Ila majina sisahau, na haya nitayasema hata mbele ya Mungu.

Sisi ni Warundi wa kambini Tanzania. Sasa tuko Marekani. Mimi niko mtaa wa Beechmont, mji wa Louisville. Mwanangu Nestori alikuwa Columbus, jimbo jingine, na mkewe Spesioza, kazi warehouse, kwenye maghala.

Nestori alikuwa na kifafa tangu utoto. Kambini kikimshika, jirani yetu Leokadia anamlaza ubavu, tunangoja. Akizinduka hamjui mtu, anasukuma kila aliye karibu. Unamwacha tu. Baadaye anaomba uji.

Huku tulifundishwa, mtu akizidiwa piga 911. Siku hiyo kifafa kilipomshika, Spesioza akapiga, akaomba ambulance.

Wakatangulia polisi wawili.

Nestori ndiyo kwanza anazinduka. Wanamwambia lala chini, naye hata jina lake halijui. Spesioza analia, "He sick! He sick!"

Wakampiga na bunduki ya umeme. Akaanguka. Wakampiga tena yuko chini.

Uji hakuomba.

(Majina ya askari hao ninayo kichwani. Mods wa jukwaa watayafuta, basi naacha.)

Polisi wakasema moyo ulisimama wenyewe. Yaani kama saa ya ukutani!

Sasa kwetu, siku ya kuondoa matanga, mkubwa wa familia husimama akasema marehemu kafa na nini. Ndipo watu wanainuka sakafuni. Mdogo wangu Yudita alikuja na basi kutoka Buffalo. Mchungaji Gervasi akaninong'oneza, "Mama, sema moyo, yaishe. Tuko nchi ya watu."

"Mchungaji, moyo huo nimeuzaa mimi."

Nikasimama: "Mwanangu kauawa na umeme. Waliompiga hawajajibu. Matanga siondoi."

Yudita akaguna, "Dada, tutakaa chini mpaka lini? Magoti yangu haya!"

"Wewe kakae kwenye kochi. Matanga yapo."

Watu wakacheka huku wanalia.

Kikao cha halmashauri ya jiji la Columbus kilipofika, nilienda na Spesioza. Nikaketi sakafuni, mbele kabisa. Mlinzi akaja, "Ma'am, we have chairs." Spesioza akamweleza: kwetu msiba usiojibiwa hauketi kitini.

Wakasema uchunguzi unaendelea. Sawa. Na mimi naendelea. Kila kikao napanda basi toka Louisville. Mara ya mwisho nikasikia mtu anashuka pembeni yangu, anaugulia magoti. Yudita.

Nilichojifunza: mwenye mgonjwa wa kifafa, ukipiga simu taja "seizure", ndiyo kifafa kwa Kiingereza, mwanzo kabisa, sema akizinduka asiguswe. Lakini asije mtu hapa kumlaumu Spesioza. Yeye aliita msaada. Ajibu aliyefyatua, na aliyempa silaha bila kumfundisha mgonjwa ni nani.

Haya, semeni na nyie, yamewakuta? Na wa Columbus, njooni kikaoni. Viti vipo vingi, ila sisi mtatukuta chini.