Zimwi Linalokula Majina

Naikumbuka siku ya kunyolewa nywele za matanga, mwanangu, siku chache baada ya kumzika baba, ukoo ulipokaa bomani kwetu kugawana alichoacha. Mama alikuwa ametangulia kufa. Baiskeli ilipata mwenyewe, koti la mvua likapata mwenyewe. Kisha wakaanza kutugawa sisi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, msichana wa kidato cha pili. Mdogo wangu Ayuma alipewa Senje, dada yake baba, aende Butere kumbebea mtoto. Shiundu, kitindamimba wetu, alipewa baba mdogo, akachunge ng'ombe Chekalini.

"Na huyu mkubwa?" mtu akauliza.

"Huyo si wa kugawa. Huyo ni wa kuolewa," baba mdogo akasema, na watu wakacheka huku wakinywa chai yetu.

Shiundu alikuwa amekumbatia kitabu cha baba, riwaya ya kale iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, jalada lake likiwa limeshang'oka. Baba alitusomea Jumapili mchana tukipukuchua mahindi. Ni habari za ndugu wanaovuka nchi ya zimwi linalokula majina. Humo, mtu akilala bila kuitwa na anayempenda, jina lake humezwa, naye hugeuka jiwe la kando ya njia. Basi kila jioni ndugu wale waliitana, hata wakiwa wamegombana.

Baba mdogo akamnyang'anya. "Haya ndiyo marehemu alikuwa anasomanga badala ya kupalilia miwa? Mazimwi?" Akachana kurasa za mwanzo, akazisukuma motoni chini ya sufuria.

Shiundu hakulia. Aliuliza tu, "Baba mdogo, huko Chekalini nani ataniita?"

"Kukuita uende wapi?"

"Kuniita jina. Jioni."

Wakacheka tena.  Nikakichukua kitabu mkononi mwa baba mdogo, nikasema, "Hawa hawaendi mahali."

"Utawalisha nini? Karatasi?"

"Obusuma, ugali uleule unaokula wewe."

Senje akaruka. "Msichana gani huyu anajibizana na wazee?"

Ndipo Kukhu, nyanya yetu, akaongea kutoka kwenye mkeka wake. Hakujua kusoma, lakini Jumapili zote zile alikuwa papo hapo na ungo wake wa mahindi. "Mwacheni mtoto. Watoto watabaki kwangu. Hata mimi hicho kitabu sijasikia mwisho wake."

Alikuwa mama yao, na neno lake likapita.

Shule niliiacha. Nikapalilia miwa ya watu, na Jumapili nikasoma mimi. Zile kurasa zilizoungua nilizisimulia kwa kichwa. Leo Shiundu anafundisha uchomeleaji chuo cha ufundi cha Sigalagala, kichwa kimeanza mvi, na jioni simu yangu hulia. "Dada Khasandi," anasema. Namwambia, "Shiundu." Wakati mwingine hatuongezi neno.

Sasa juzi, kwenye mkutano wa wazazi, mtu mzima aliyevaa tai anasimama kusema kitabu hichohicho kiondolewe shuleni, eti mazimwi ni uongo na kimepitwa na wakati. Nilimuuliza kama amekisoma. Hajakisoma. Anataka kuchoma asichokijua, kama yule mwingine. Mazimwi uongo? Mimi nimeyaona mchana kweupe, yakitugawa pamoja na baiskeli. Na watu wananiuliza kwa nini watoto bado wanakigombania mpaka kurasa zinalegea? Kwa sababu watoto bado wanagawanywa, na mle kitabuni kuna mtu anayeliona jambo hilo na kulikasirikia pamoja nao.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Usimpe kitabu chako mtu anayetafuta cha kuwashia moto. Kisome mwenyewe kabla ya kukubali kuambiwa ni cha kijinga. Wasomee walio nyuma yako, hata mikono ikiwa na kazi. Na wakija kuwagawa wadogo zako, usinyamaze kwa ajili ya adabu.

Mungu akulinde njiani. Kila jua likitua, asikosekane mtu wa kukuita kwa jina lako, nawe usikose pumzi ya kuitika.