Makala Yake Inanukuliwa Kote, Masahihisho Yake Hayasomwi

Chai imeshapoa mezani, lakini profesa hajaigusa. Anamwandikia barua pepe mtu asiyemjua, kwa vidole viwili, polepole. "Ndugu mtafiti, nashukuru kwa kuinukuu makala yangu. Nakuomba usome pia iliyoifuata, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa sahihi."

Anaituma, kisha anatafuta jina jingine.

Ndivyo anavyoianza kila siku ya kazi kabla ya kuvuka uwanja kwenda wodi ya watoto wachanga, ambako wauguzi humwita Mama Mizani. Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa akiwapima watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, huku akiwaimbia ili watulie.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyozaa makala iliyomjenga. Ilisema kuwa njiti anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Wakati huo vitanda vilikuwa haba na kina mama walilala wawili wawili. Habari hiyo ikapokewa kama mvua baada ya kiangazi.

Hadi leo watafiti zaidi ya mia tisa wameinukuu. Ndiyo iliyompa uprofesa na mialiko ya kila namna.

"Nilitembea kifua mbele," anasema. "Nikiingia ukumbini watu wananong'onezana, kumbe ndiye huyu."

Lakini watoto aliowapima walikuwa sitini na wanne tu, wa hospitali moja. Miaka kadhaa baadaye alirudia utafiti katika hospitali sita, kwa watoto zaidi ya elfu moja. Majibu yakaja kinyume. Walioruhusiwa mapema walirudishwa wagonjwa mara nyingi zaidi, na wapo waliofariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Hakuficha. Aliandika makala ya pili na kusema waziwazi kwamba ile ya kwanza isifuatwe. Ikachapishwa, na tangu hapo imenukuliwa mara thelathini na moja.

"Watu walishapata walichokitaka," anasema. "Nani anataka kuambiwa vitanda vimekuwa vichache tena?"

Mumewe, fundi friji mstaafu, alimsihi apumzike. "Nilimwambia, mke wangu, umeshasema, aliyesikia kasikia," anakumbuka. "Akaniambia, wasiosikia ndio walioko wodini."

Mwaka jana mke wa mwanawe alijifungua kabla ya miezi kutimia, katika hospitali ya mji mwingine. Profesa alipofika alimkuta mkwe wake anafunga virago. Daktari wa zamu, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, alikuwa ameshatia saini.

"Bado ni mdogo mno, daktari," profesa alimwambia.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Ananyonya, na uzito unapanda. Kuna utafiti mkubwa unaoonyesha ni salama."

"Naufahamu. Si mkubwa. Ni watoto sitini na wanne."

Daktari akatabasamu kwa heshima, kama mtu anayemvumilia bibi wa mgonjwa. "Kumbe umeusoma?"

"Nimeuandika."

Kijana alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Anasema hakuwahi kusikia kama kuna makala ya pili. "Ile ya kwanza tulifundishwa chuoni, na kwenye mtihani ilitoka. Nilipata alama zote."

Mjukuu akabaki wodini. Lakini kitanda cha jirani kilikuwa kimeshatandikwa upya. Mama aliyekilalia, mshona nguo wa mtaa wa nyuma ya hospitali, alikuwa ameruhusiwa asubuhi ile ile na mwanawe wa kiume, njiti pia. Daktari alimpigia simu, haikupatikana. Akatuma mtu mtaani, naye akapotezwa na maelekezo.

Siku chache baadaye mshona nguo alirudi mwenyewe, mbio, mtoto akihema kwa shida. Mtoto hakuifikia jioni.

"Mama mkwe alipoambiwa alitoka nje," anasimulia mkwe. "Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, viatu kavishika mkononi. Nikakaa naye."

Profesa anakiri kuwa hakuna awezaye kuapa kwamba mtoto yule angepona kama angebaki. "Kitaalamu hilo nalijua," anasema. "Lakini usiku halinisaidii." Kisha anaongeza: "Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia pamoja na mjukuu mwenyewe, nikashindwa hata kumfurahia."

Mjukuu huyo sasa anasimama kwa kushika viti.

Profesa ameliomba jarida lililoichapisha makala ya kwanza liiondoe kabisa. Ikiondolewa, sehemu kubwa ya sifa zake itakwenda nayo. Mwenzake wa ofisi ya pili humtania, "Profesa, unabomoa nyumba nawe ungali ndani?" Jarida limejibu kuwa linatafakari.

Hakungoja. Yeye na yule daktari, ambaye siku hizi humwita mwanangu, wanazungukia vyuo vya uuguzi na udaktari pamoja na hospitali wakieleza matokeo ya pili, kwa Kiswahili, wodi kwa wodi. Vyuo viwili vimeshabadili swali la mtihani. Mwakani profesa anastaafu.

Safari moja aliifanya peke yake, kwa mshona nguo. Alidhani atafukuzwa. Mwenyeji alizima cherehani, akampa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hakulia wala hakunilaumu," profesa anasema. "Aliniuliza kitu kimoja tu: 'Na wengine mmeshawaambia?' Nikamjibu, bado."

Anatazama orodha ya majina kwenye kompyuta.

"Nataka nirudi kwake siku moja nikiwa na jibu jingine."