Mpira Alioutangaza Silima

Silima Duni alikuwa mkwezi wa minazi pale Wete, mzaliwa wa Makangale, upande wa Konde, mtu mwembamba mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Akiwa juu akimwita mtu aliyeko ng'ambo ya bonde, mtu huyo hugeuka. Lakini chini hakuwa msemaji. Alisalimia, akaitikia, akaenda zake. Mkewe, Moza, alikuwa akisema kwamba mumewe akishuka mnazini huacha ulimi wake juu.

Kutangaza mpira hakukuwa nia yake. Mwaka wa 1960 kamati ya mpira ilikizungushia kiwanja ua wa makuti uliopita kimo cha mtu, ikaacha mlango mmoja, na mlangoni ikaweka meza. Kabla ya hapo mpira ulikuwa wa kila mwenye macho. Sasa anayetaka kukaa chini atoe thumni, anayetaka kiti atoe shilingi, na mchumaji wa karafuu nje ya msimu hana thumni ya kutazamia mpira. Watu wa mashamba walikuja vilevile. Walikaa nje ya ua upande wa nyuma, kwenye uwanja wa nyumba ya mjane mmoja aitwaye Bi Time, wakisikiliza vishindo na kubahatisha nani kafunga.

Bi Time alikuwa na mnazi mrefu karibu na ua ule. Jioni moja alimwita Silima amuangulie nazi, na ikasadifu mchezo unaendelea. Mtu mmoja chini akauliza kuna nini huko ndani. Silima akamjibu. Akaulizwa tena, akajibu tena, mara akawa haulizwi, anasema mwenyewe. Alikuwa amewahi kuusikia mpira ukitangazwa kwenye redio ya mkahawa mmoja hapo mjini, akaufuata mtindo ule: nani anao, anampa nani, anakwenda upande gani, nani kamzuia. Nazi za Bi Time zilisahauliwa mpaka mchezo ulipokwisha.

Tokea siku hiyo kila palipokuwa na mchezo watu walijaa chini ya mnazi, na baadhi ya waliokuwa wakilipa wakaacha kulipa.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Msellem, alikuwa karani katika ghala la karafuu, mtu wa nidhamu na si mbaya. Alimfuata Silima nyumbani, akamweleza kwamba jezi hununuliwa, timu za wageni hulishwa na ua wenyewe una gharama zake. Kama kila mtu atausikia mpira bure, alisema, basi mwakani hakutakuwa na mpira wa kuusikia. Silima alimjibu kwamba yeye hachukui chochote kwa mtu. Msellem akasema hilo analijua, na ndilo linalomsumbua, maana angekuwa anachukua wangeweza kugawana. Kisha akaenda kwa Bi Time kumtaka apige marufuku kukwewa mnazi wake siku za mpira. Bi Time alimtilia kahawa, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia mnazi ni wake na anayetaka nazi zake humtuma Silima, na Silima akishafika juu hawezi kumfunga macho.

Mambo yangeishia hapo, ugomvi wa mlango na mnazi, lau si wakati wenyewe. Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1961. Uchaguzi wa Januari ulikuwa umekwisha bila mshindi na mwengine ulitakiwa uje. Watu walikuwa hawanunui duka moja, hawazikani, na ndugu waliulizana chama kabla ya hali. Mpira nao ukaingia humo humo. Timu ya mji ilikuwa na watu wake, timu ya Konde na watu wake, na kila mtu alijua nani ni wa upande gani bila ya kuambiwa. Timu hizo mbili zikapangiwa kukutana, na winga wa kulia wa Konde alikuwa Vuai, mdogo wake Silima, tumbo moja.

Siku hiyo waliolipa wakaingia ndani walikuwa zaidi wa mjini. Nje, chini ya mnazi, walijaa watu wa Konde na vijiji vya jirani, waliotoka mashambani moja kwa moja, na wengi wamekuja na mapanga yao na fimbo. Katikati yao alikaa Jecha, mkulima mtu mzima ambaye wengine walimfuata kila alipokwenda. Silima alivaa kitanzi cha miguu, akapanda, akajiweka baina ya makuti, akaanza.

Kipindi cha kwanza kila timu ilipata goli moja. Cha pili kilianza vibaya. Kutoka juu Silima aliwaona waliokaa wakisimama, na waliosimama wakisogea mpaka kwenye mstari. Beki wa mji akampiga Vuai kiatu cha goti. Vuai akainuka akamsukuma. Kabla refa hajafika, watu wakaivuka kamba iliyozunguka kiwanja, na Silima akaona benchi linainuliwa, linashuka, na mdogo wake anaanguka chini, na miguu inamzunguka.

Sauti ikamkatika.

Chini kukawa kimya, na katika kimya kile vishindo vya ndani vikapita juu ya ua. Watu wakaanza kusimama. Jecha akainua uso.

"Silima, kelele gani hizo?"

Silima aliangalia chini akaona mapanga. Ua ulikuwa wa makuti tu, ungesukumwa ungelala. Aliangalia ndani akaona askari wachache wakikimbia kutoka mlangoni, na Bwana Msellem mbele yao bila kofia, akijitosa katikati ya watu mikono juu. Kama watu wa nje wangeingia sasa hivi, Vuai asingekuwa peke yake wa kuzikwa. Na kama wasingeingia, ndugu yake angeweza kufa huku yeye akimtazama. Alisema baadaye kwamba hakuamua. Mdomo ndio uliofunguka.

"Kona," alisema. "Konde wamepata kona. Watu wa mji wanamlalamikia refa."

"Kona gani yenye vishindo hivyo?" Jecha aliuliza.

"Wamekataa ipigwe. Refa kashika mpira, anauweka. Kaeni, msinizibie sauti."

Wengine walikaa. Jecha hakukaa. Silima akaendelea. Kona ikapigwa, golkipa akaupangua, mpira ukatoka pembeni, Konde wakaurusha, ukamfikia Vuai. Vuai anao, alisema, anakwenda nao kulia, anampita mtu, anausimamisha, anampa mwenzake nyuma. Huku akiyasema hayo alikuwa anamwona Vuai chini hajainuka, na Msellem amemlalia juu kumkinga, na virungu vya askari vinawatawanya watu. Aliyang'ang'ania makuti kwa nguvu mpaka vumbi likawadondokea waliokaa chini. Mtu mmoja akacheka kwamba leo mtangazaji ana homa ya goli.

Aliucheza mchezo ule peke yake. Hakuthubutu kuwafungisha Konde, maana wangeshangilia na ndani kusingeitika. Hakuthubutu kuwafungisha mji, wenye mapanga wasije wakapandwa na hasira. Aliupeleka mpira katikati, akaurudisha, akautoa nje, akaupeleka tena, mpaka alipowaona askari wamewasukuma watu upande wa mlango, na Vuai anachukuliwa juu ya lile lile benchi, mkono mmoja ukining'inia, kisha ukajivuta wenyewe kifuani. Alikuwa hai.

"Refa kapuliza," alisema. "Mwisho. Mmoja kwa mmoja."

Watu walinung'unika kidogo, wakakung'uta nguo, wakashika njia ya Konde. Silima hakushuka mpaka wa mwisho alipopotea. Bi Time alikuwa amekaa kizingitini akimngoja. Akamwambia, "Uliyokuwa ukiyasema mwisho hukuyaona." Silima aliacha kitanzi chake pale pale chini akakimbilia hospitali.

Habari zilifika Konde asubuhi. Jecha alikuja mwenyewe nyumbani kwa Silima, akakataa kuingia ndani, akasema pale pale mlangoni, "Sisi tulikuja kwa sababu ya sauti yako. Kijana wetu anapigwa, wewe unatupa kona." Silima akamwambia aliyaona mapanga. Jecha akasema mapanga ni ya kulimia, akaondoka. Wengine walisema amenunuliwa na kamati. Msellem alipokwenda kumshukuru hadharani, na shavu lake bado limevimba, akataka kumpa kiti ndani ya ua awe anatangaza huko, maneno yale yakapata mashiko zaidi. Silima alikikataa kiti, lakini hilo halikuhadithiwa. Kwa muda mrefu hakuna mtu wa upande ule aliyemwita kukwea mnazi, na Moza alikuwa akisuka ukili wa mikeka mpaka vidole vinachubuka ili nyumba iende.

Lililomwelemea zaidi lilikuwa la Vuai. Taya lilikuwa limevunjika, limefungwa kwa kitambaa, na kwa siku za mwanzo hakuweza kusema. Silima alikuwa akienda kumkalia kitandani. Siku alipoweza kusema, Vuai aliuliza kwa shida:

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilisema mengine."

Vuai alitazama dari. Kisha akauliza, katika mpira huo wa maneno, yeye alikuwa anafanya nini. Silima akamweleza: ulimfikia, akaenda nao kulia, akampita mtu, akatoa pasi nyuma. Vuai alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku nzima ile," alisema, "hawakunipa mpira hata mmoja."

Akageukia ukutani.

Michezo ikasita. Juni ulipofika uchaguzi na fujo zake, hakuna aliyekuwa na hamu ya kiwanja, na masika yaliyopita yalikuwa yameshauozesha ua. Vuai hakucheza tena. Alihamia Tumbe, akawa anabeba samaki kwa baskeli kuleta Wete, na kwa muda mrefu alipita njia ya mbali na nyumba ya kaka yake. Kisha Idi moja alisimamisha baskeli mlangoni, akashusha mtungo wa changu, akamwomba Moza maji. Silima akatoka, wakakaa barazani. Walizungumza bei ya samaki, mvua, mtoto wa Vuai aliyeanza chuo cha Kurani. Taya lake lilikuwa limekaa upande, na neno refu lilimtoka taratibu. Silima alimngoja amalize kila alipoanza.

Walikula pamoja. Vuai alipoondoka, alisema atapita tena Ijumaa, na akapita.