Nusu Bidoni

Jumapili, Novemba 2022. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, kisha jua likatoka na mawe meusi ya kiwanja chetu yakaanza kutoa mvuke.

Sijasoma sana, pengine sitaeleza vizuri mambo ya moyo. Naandika nilivyoelewa.

Mume wangu alikuwa akishusha viazi kutoka Kibati hadi mjini kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili. Siku walipomkuta na tansio, yaani presha ya damu, kwetu sote maana yake ilikuwa moja: mugonjwa wa moyo habebi kitu. Akiinama kuchukua hata kiti, majirani wanamnyang'anya. Ilikuwa heshima, siwalaumu. Mimi pia nilifanya vilevile. Lakini miguu yake ilikwisha nguvu. Mwaka jana volkano ilipolipuka, tulikimbilia Sake yeye akiwa amekaa juu ya chukudu yake mwenyewe, jirani akisukuma.

"Leo mimi njo viazi," alisema mume wangu, yaani yeye ndiye mzigo. Tulicheka, ila niliyaona macho yake.

Mwaka huu waasi waliposogea upande wa Kibati, niliogopa kitu kimoja: tukikimbia tena, atatembea? Nikampeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Akampa mkono, akamwambia auminye kwa nguvu zote. Muzee wangu akaminya. Muuguzi akatikisa kichwa.

"Papa, moyo nao ni nyama ya kazi. Misuli ikiwa na nguvu inausaidia. Ikilala, moyo unachoka upesi. Dawa usiache. Ila anza kubeba, kidogo kidogo. Ukisikia kifua kinabana, weka chini."

Sikuamini yote. Muzee akaanza kwa kusimama kutoka kitini bila kushika meza, kisha akawa ananyanyua jiwe dogo la volkano kila mkono. Mama jirani akapiga kelele kutoka kwake:

"Weye mama! Unataka kuua muzee wa watu?"

"Aniue nikiwa nasimama," akajibu muzee. "Kwenye kiti nilishachoka kufa."

Niseme ukweli: tansio haijashuka sana, na hiyo kidogo sijui kama ni mawe au ni dawa. Lakini leo ametoka bombani na nusu bidoni ya maji, lile dumu la plastiki la njano, akakipanda kile kimlima chetu. Mama jirani akanyoosha mkono ampokee, kisha akaurudisha. Muzee akapumzika njiani, akafika, akaweka bidoni mlangoni.

"Tukikimbia," akasema, "chukudu itabeba godoro."

Jioni tumekula fufu na sombe ya majani ya muhogo, vyote vimepikwa kwa maji yake.