Kitenge cha Mama Mkwe

Emérance ana ubishi mmoja tu maishani, nao ni wa vitenge. Mengine yote humpita. Meneja akimbadilishia shifti bila kumuuliza, anacheka. Treni ya kwenda kwake Macquarie Fields ikikatizwa, na hukatizwa mara nyingi, anatoa njugu mkobani na kula taratibu. Lakini mwambie kitenge ni kitenge tu, hapo utamjua. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee hapa Westmead, Sydney, mimi Mkenya na yeye Mkongo wa Bukavu, tumegombana kwa jambo hilo peke yake, na sijawahi kushinda.

Kwake kuna vitenge vya aina mbili: hollandais, yaani waksi ya Uholanzi inayochorwa kwa nta, na takataka. Anacho kimoja alichoachiwa na mama yake, cha buluu iliyokolea, chenye maua makubwa ya manjano. Ndicho alichombebea binti yake Nicole mgongoni walipokimbia vita, mpaka kambi ya Nakivale kule Uganda, na ndicho kitu pekee cha nyumbani kilichofika naye Sydney. Kimefuliwa mpaka kimelainika, lakini rangi iko palepale. Ukikisifu, siku yake yote imekuwa njema.

Sasa Nicole, ambaye leo ni muuguzi, akapendana na kijana wa Kikenya aitwaye Muriuki. Tulifurahi sote. Ila kwa watu wa Emérance, siku ya mahari jambo la kwanza ni kitenge cha mama. Kisipopokewa, mazungumzo hayaanzi. Kwetu Kenya mama wa bibi harusi akiletewa blanketi zito na tangi la maji ameshiba heshima, hakuna anayegeuza blanketi kulikagua. Ndiyo maana Mzee Njenga, mjomba wa Muriuki, alipotumwa kwenye maduka ya Auburn kununua kitenge aliona ni kazi nyepesi. Njenga ni mhasibu, na huamini chochote kilichopigwa chapa. Akachagua kizuri kwa kweli, chekundu na kijani, pindoni kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni waksi halisi ya Uholanzi. Akakituma kwa Emérance mapema akitazame, akidhani anafanya adabu.

Yvette, dada mkubwa wa Emérance, ndiye msemaji wa familia. Alikishika kwa vidole viwili. Akasema hicho ni cha kuiga, cha Kichina, na kwamba Jumamosi atasimama mbele ya watu akirudishe, wakwe waende wakajifunze heshima. Nicole alilia. Yule mtoto husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo, mama yake aliniambia, hakujibu kwa lugha yoyote. Muriuki naye akaanza kusema labda waende tu kwa msajili wa ndoa, wazee wabaki na vitambaa vyao.

Hapo Emérance alishikwa na hofu. Ama binti yake angeolewa kimya kimya bila baraka za nyumbani, ama yeye angepokea takataka mbele ya dada yake na kila mtu wa Bukavu aliyeko Sydney. Alhamisi alikuja nacho kazini ndani ya mfuko, akikusudia kumrudishia Njenga jioni kwa siri na kumwomba atafute kingine. Nilimwambia anajisumbua bure.

Tulikuwa tumemaliza kumwogesha Riet. Riet ni bibi wa Kiholanzi aliyefikia umri wa kutusumbua apendavyo, na anautumia vizuri. Alikiona kitenge kikichungulia mfukoni, akanyoosha mkono. Tulidhani anataka kujifunika. Akakigeuza upande wa nyuma, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. Kisha akatuambia, kwa Kiingereza chake kizito, kwamba ni uongo mtupu: rangi haikupenya, na ile mistari myembamba inayotokea nta inapopasuka ilikuwa imechorwa na mashine, ikijirudia ileile kila mahali.

Mimi nilicheka. Emérance alikaa kitandani kwa mgonjwa, jambo tulilokatazwa, akamuuliza amejuaje. Kumbe Riet alikuwa msichana wa kiwanda. Alikulia katika mji mdogo kusini mwa Uholanzi, akaanza kazi ya kutia vitambaa rangi angali na nywele za kusuka, na Jumapili alikwenda kanisani na mikono ya buluu. Kila alichokigusa kilipelekwa Afrika, naye hakuwa amemwona Mwafrika hata mmoja.

Jioni ile Emérance hakwenda kwa Njenga, na kesho yake akaja na kile cha mama yake. Riet alikigeuza nyuma, akakisugua kwa kidole gumba. Akalia, wala hakuficha uso. Maua yale aliyafahamu, yalipita mikononi mwake. Nami nililia, ingawa nilisingizia dawa ya kusafishia sakafu.

Emérance akajinyoosha kwa fahari, akasema basi hiki ndicho cha kweli. Riet akatikisa kichwa. Ufundi ule wa nta, akatueleza, si wa Waholanzi. Ni wa watu wa Java, waliokuwa wakitawaliwa nao. Wenye viwanda waliuiga kwa mashine ili wawauzie Wajava nguo zao wenyewe kwa bei ya chini, Wajava wakazikataa kwa sababu ya ile mistari ya nta, wakaiona kasoro. Shehena ikatafuta wateja kwingine, na kina mama wa Afrika wakaipenda kasoro hiyohiyo. Baadaye Java ikataka uhuru wake. Kaka yake Riet alipelekwa huko kama askari kuuzuia, akarudi hataki kuongea. Uholanzi ilikuwa imechakazwa na vita vya dunia, nyumba hakuna, serikali yenyewe ikiwahimiza watu wahame, naye na mumewe wakapanda meli kuja huku.

Nilimkumbusha kwamba wakati huo Australia iliwafungulia mlango Wazungu tu, sisi tusingepita. Sipendi historia inayopakwa sukari. Riet akakubali bila kubisha, kisha akamshika Emérance mkono.

“Nyumba yetu ilisimama kwa kitambaa walichokikataa Wajava wenyewe,” alisema. “Mkate wetu aliununua mama yako.”

Jioni tulikwenda stesheni pamoja, Emérance akila njugu zake. Treni ilipokaribia akaanza kucheka, akacheka mpaka watu wakageuka. Kitenge cha Njenga hakukirudisha.

Jumamosi sebule yake kule Macquarie Fields ilijaa. Mimi nilikaa upande wa wakwe, nikimwona Muriuki akijifuta viganja kwenye suruali. Kitenge kilipoletwa, Yvette akasimama, akakifungua, akasafisha koo. Kabla hajasema, Emérance akamwondolea mikononi.

“Yaya, hii kikwembe si ya kweli, mi najua,” alisema kwa Kiswahili cha Bukavu, ambamo yaya ni dada mkubwa na kikwembe ni kitenge. “Lakini na ile ya mama ilikuwa ya kuiga. Bazungu baliiga batu ya Java. Ilikuya kuwa ya kweli siku nilibeba Nicole ndani.”

Yvette hakuwa mtu wa kushindwa upesi. “Na hii ikitoka rangi?”

“Itoke kwa mgongo yangu. Ntabebea mjukuu ndani.”

Akakifunga kiunoni palepale, juu ya kile cha buluu. Nicole akaficha uso begani kwa Muriuki, mabega yakimtikisika, na safari hii hakuwa analia. Njenga, aliyeelewa nusu tu, alisimama akashukuru kwa hotuba ndefu. Yvette alikaa, akanuna mpaka chakula kilipoletwa, kisha akala vizuri.

Kitenge kilikuwa kirefu, kwa hiyo Emérance akakata kipande kwa ajili ya magoti ya Riet. Bibi akakigeuza nyuma, akasema ni kazi mbovu, akajifunika, na tangu hapo hataki kukiachia. Watu wa dobi wamekuja kulalamika kwamba shuka zake zinawafikia zina madoa mekundu, wakauliza kile kitambaa ni kitu gani hasa.

“Kitenge ni kitenge tu,” Emérance akawaambia, akaendelea kutandika kitanda. Nilimtazama, naye akakwepa macho yangu.