Mtu Aliyesafisha Komenti Zangu

Mtu akinichangamkia kupita kiasi, nashika mkoba wangu. Ndivyo nilivyolelewa kule Kaikor, ambako mgeni akisifu sana mbuzi wako, jioni unawaangalia vizuri wakiingia zizini. Kwa hiyo siku mwenzangu wa Kakuma alipoleta kazini badiliko lake kwenye programu yangu na kuliandikia juu "Kusafisha komenti na kupanga mistari tu", ile "tu" ndiyo iliyoniwasha. Mwenye nia njema hana haja ya kusema "tu".

Ofisi yetu iko Lodwar. Tunajengea maduka, shule na zahanati tovuti zao, na tunazijenga kwa kiunzi, yaani mifupa ya programu, tulichokiunda wenyewe. Sehemu yangu mimi ni zana ya amri: unaandika neno moja kwenye skrini nyeusi, nayo inakutandikia tovuti nzima, faili kwa faili. Niliiandika peke yangu, na komenti zake niliziandika nilivyopenda. Komenti ni maneno ambayo kompyuta huyaruka. Huandikwa kwa ajili ya binadamu. Mahali ambapo faili la mipangilio lazima lisomwe kabla ya mengine, niliandika, "Kiongozi hajatoka, usifungue zizi." Mahali pengine, "Hapa panafanya kazi, usiniulize mbona." Mimi nilielewa. Wengine walinipigia simu kuuliza.

Na kule kupigiwa simu, niseme ukweli, ndiko kulikoniweka kazini. Lodwar haina kazi ya pili ya namna hii. Nikiipoteza hii, nitarudi kumuuzia shangazi samaki wakavu wa Kalokol, na samaki sina ugomvi nao, lakini sikusomea samaki.

Sasa fikiria nafungua badiliko la huyu bwana na kukuta komenti zangu zote zimeoga, zimechana nywele na kuvaa yunifomu. "Kiongozi hajatoka" hayupo. Mahali pake pana sentensi ndefu tulivu inayoeleza faili gani linasomwa kwanza, kwa sababu gani, na nini kitaharibika usipofuata. Mistari iliyokuwa imepinda imenyooshwa. Ilikuwa kazi nzuri sana. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Nilipekua badiliko lile kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyopekua buti la gari. Nilitafuta kitu kilichofichwa katikati ya usafi, maana usafi mwingi ni mahali pazuri pa kufichia. Sikuona kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba mkubwa wetu alikuwa na wimbo mpya siku hizo. Kila mkutano aliuimba: "Nataka kazi isomeke, hata mgeni asiulize mtu." Mgeni gani? Hakuna aliyewahi kumwuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na kinatoka Kakuma.

Kwetu badiliko haliingii mpaka mwenzako alipitie mstari kwa mstari na kuliidhinisha. Zana ile niliijua mimi peke yangu, kwa hiyo aliyetakiwa kuidhinisha nilikuwa mimi. Sikuidhinisha. Nilifunga laptopu, nikaenda Kakuma, kwa sababu yeye ni mkimbizi na kutoka kambini ni mpaka apate kibali.

Nilimkuta kwenye chumba cha nyuma cha duka la Msomali mmoja, ambako sola haikatiki. Ni mtu wa Kongo, amenizidi umri kidogo, zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Hilo nalo sikulipenda.

"Karibu, mama. Ejok?"

"Ejok noi," nikaijibu salamu hiyo ya kwetu, maana hata hasira ina adabu zake. Chai aliyonimiminia sikuigusa; huwezi kumgombeza mtu huku unakunywa chai yake. "Wewe, komenti zangu umetoa mbona?"

"Sikuzitoa, mama. Nilizisafisha. Miye nilitumwa."

"Na nani?"

"Na mukubwa. Alisema niandike yote vizuri, hata mgeni asiulize mutu."

Neno kwa neno. Huyu bwana hajawahi kukanyaga mkutano wetu wa Lodwar, na wimbo ule aliujua na sauti yake. Hapo nikaanza kumwamini, shingo upande.

"Huyo mgeni ni nani?"

"Batu ya Nairobi. Zana itahamia kwao." Alizungusha kikombe chake. "Miye mkataba wangu njo unaishia pale. Kazi hii ikiingia, namaliza. Na weye?"

Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Nilikaa nikimtazama yule mtu na shati lake, na hasira niliyoibeba kutoka Lodwar ikakosa pa kutua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu wa Nairobi alikuwa anakabidhiwa jembe na shamba siku moja, na wenye shamba wanaonyeshwa njia. Na aliyepewa kazi ya kufagia njia hiyo alikuwa mwenzangu, kwa sentensi ndefu tulivu. Niliogopa, na nilimwonea huruma, yote kwa pamoja.

Hatukupanga chochote. Nataka hilo lieleweke. Nilisema tu, "Kazi yako haiko safi. Mimi nitairudisha."

Alinyoosha kola ya shati lake. "Rudisha, mama. Miye napenda kazi safi."

Nikanywa chai yake. Ilikuwa imepoa, tangawizi tele.

Tangu hapo nikawa mkaguzi ambaye hata mama mkwe angemkimbia. Nilirudisha badiliko kwa sababu ya mkato. Nikalirudisha kwa sababu mstari mmoja ulikuwa mrefu kuliko jirani yake. Nikalirudisha kwa sababu neno "kwanza" lilitumika mara mbili karibukaribu. Mkubwa alipouliza, "Bado tu?" nilimjibu, "Mkubwa, unataka isomeke na mgeni, ama unataka haraka?" Akarudi mezani kwake. Alikuwa ameusifu usafi mbele ya kila mtu, hakuweza kuugeuka.

Lakini moyo wangu ni ule ule wa Kaikor. Kila badiliko liliporudi kutoka Kakuma nililifungua nikishuku. Mkubwa angeshindwa nini kumpigia simu pembeni na kumwahidi mkataba mpya? Mtu ana watoto, na kambini hakuna pa kukimbilia. Mimi mwenyewe ningeahidiwa, sijui ningejibu nini.

Ikafika siku mkubwa akavuta kiti, akaketi nyuma yangu. "Leo tunamaliza," akasema. "Fungua tupitie pamoja."

Nikafungua. Faili la kwanza, safi. La pili, safi. Mikato imekaa, mistari imelingana, na kila nilichowahi kulalamikia kimerekebishwa. Niliteremka polepole, jasho likinitoka, na si joto la Lodwar, hilo nimelizoea. Hapakuwa na kosa. Amenunuliwa, nikawaza. Shati la pasi, chai ya tangawizi, amenunuliwa. Nilimchukia kwa dhati.

Nikafika komenti ya mwisho ya faili la mwisho. Baada ya nukta, mahali ambapo jicho la kawaida haliendi, palikuwa na nafasi moja tupu, kama ile ya kati ya maneno, iliyobaki inaning'inia. Kwenye skrini yangu ilionekana kama kidoti hafifu cha kijivu. Mtu aliyenyoosha mistari yote ile hawezi kusahau nafasi moja.

"Iko sawa?" mkubwa akauliza.

"Bado. Kuna uchafu."

Aliinama juu ya bega langu mpaka pua ikakaribia kioo. "Mimi sioni kitu."

"Ndiyo maana unanihitaji," nikasema, kisha nikaandika "Rudia" na kulirudisha Kakuma.